Kasisi Aliyevuka Semliki: Apolo Kivebulaya na Injili ya Wambuti

Jumapili asubuhi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, nchini Uganda, Maandiko husomwa kwa lugha kadhaa ndani ya saa moja. Kanisa hili ni la Kinyarwanda, lile la Kirundi, jingine la Kiswahili, na wenyeji wa Isingiro wanaoyazunguka makazi hayo wanasoma Kinyankole. Nakivale iko kiasi cha kilomita 60 kutoka Mbarara mjini, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Ilitambuliwa rasmi mwaka 1960 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, na leo wakazi wake walio wengi ni Wakongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Wakongo ndio waliokifanya Kiswahili kuwa lugha ya soko, ya kisima na ya ibada. Wengi wametoka Kivu, na wengine Ituri. Kwa Waanglikana wa Ituri, habari za jinsi Maandiko yalivyowafikia wazee wao zina jina la mtu: Apolo Kivebulaya, kasisi Mganda aliyefariki Boga tarehe 30 Mei 1933, akiwa ameiacha Injili ya Marko katika lugha ya watu wa msitu.

Ninaandika habari zake kwa sababu maisha yake yanatuonyesha jinsi tafsiri za Maandiko zilivyopatikana katika nchi zetu, na ni kina nani waliozifanya. Vitabu vya historia vimezoea kutaja jina moja juu ya kila tafsiri, na mara nyingi ni jina la mgeni. Mwenye lugha, yule aliyeketi mkekani akatoa maneno, huwekwa katika dibaji, akishukuriwa kwa sentensi moja kama ana bahati.

Alizaliwa yapata mwaka 1864 huko Kiwanda, Ssingo, katika Buganda. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kiume anayetangulia huitwa Waswa, basi hilo ndilo lililokuwa jina lake la kwanza. Alikua katika siku ambazo ikulu ya Kabaka ilijaa wageni wenye vitabu. Waarabu na Waswahili wa pwani walikuwa wamekwisha kuleta Uislamu. Waanglikana wa kwanza walifika mwaka 1877, na Wakatoliki, wale Mapadre Weupe, wakafuata mwaka 1879. Kijana Waswa alivutiwa kwanza na Uislamu, kisha akamsikiliza Alexander Mackay, fundi Mskoti aliyefundisha dini huku akitengeneza mashine kwa mikono yake. Vita vya dini vilipolipuka mwaka 1888, naye alibeba silaha kama vijana wenzake, na ni katika shughuli za kijeshi alikofika magharibi kwa mara ya kwanza. Alibatizwa Januari 1895 na kupewa jina la Apolo, yule mwalimu wa Iskanderia anayetajwa katika Matendo ya Mitume kuwa hodari wa maandiko. Kivebulaya, yaani kitu kitokacho Ulaya, ni jina la utani alilopewa kwa ajili ya koti jekundu la kijeshi alilopenda kulivaa juu ya kanzu.

Kitabu alichobeba mkononi, Maandiko ya Kiganda, kilikuwa na safari yake, na safari hiyo inapita Zanzibar. Wanafunzi wa kwanza wa Mackay hawakusoma Kiganda. Walisoma Kiswahili, kwa sababu vipande vya Maandiko vilivyokuwapo ni vile vilivyotafsiriwa Unguja na Askofu Edward Steere. Askofu huyo naye hakufanya kazi peke yake. Yeye mwenyewe aliandika kwamba Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanazuoni aliyezaliwa Barawa na kuwa miongoni mwa maulamaa wakubwa wa Unguja, alijitolea kumtafsiria Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi. Nadhani ni wachache kati ya wanaoimba Zaburi kwa Kiswahili leo, Nakivale au Mombasa, wanaojua kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kuzipa sauti ya Kiswahili alikuwamo sheikh.

Miongoni mwa vijana wa Buganda walioshika Kiswahili hicho alikuwa Duta Kitakule. Alibatizwa Zanzibar mwaka 1882, akaitwa Henry Wright, akarudi kwao na lugha mbili kichwani. Mackay alipofariki mwaka 1890, kazi ya kuyaleta Maandiko katika Kiganda ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Mwishoni mwa mwaka huohuo akafika George Pilkington, Mwairishi kijana aliyesoma Kiyunani na Kilatini katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mwenye kipaji cha lugha kisichokuwa cha kawaida. Duta akaketi naye. Pilkington alikuwa na Kiyunani, Duta alikuwa na Kiganda cha kuzaliwa nacho pamoja na Kiswahili cha Steere, na kati yao Agano Jipya likakamilika ndani ya miaka michache. Biblia nzima ya Kiganda ilitoka mwaka 1896. Toleo moja lilipigwa chapa dogo na nene, lipate kuingia katika makopo ya bati ya biskuti ambamo mchwa na panya wasingelifikia. Duta alipewa ushemasi mwaka 1893, akiwa katika kundi la kwanza la Waganda kuwekewa mikono. Pilkington aliuawa Desemba 1897 huko Busoga, wakati askari wa Kisudani walipoasi. Biblia ile imebaki kuitwa ya Pilkington. Simnyimi sifa yake, maana aliifanya kazi kwa moyo wote na akafa kijana wa miaka thelathini na kitu. Lakini maneno ya kitabu kile yamepita kinywani mwa Duta pia.

Maandiko hayo ya Kiganda ndiyo Apolo aliyokwenda nayo magharibi. Mwaka 1895, mwaka wa ubatizo wake, alitumwa Toro kuwa mwalimu. Mwaka uliofuata Mukama Kasagama, mfalme wa Toro, alibatizwa na kuitwa Daudi. Ng'ambo ya ncha ya kaskazini ya milima ya Rwenzori, baada ya kushuka kwenye bonde la Semliki, kuvuka mto, kisha kuupanda ukingo wa upande wa pili, kulikuwa na nchi ndogo ya Mboga chini ya mtawala aliyeitwa Tabaro. Wakongo huiita Boga. Walimu wa Kiganda waliotangulia huko walishindwa, kwa kuwa Tabaro aliamuru wasiuziwe wala kupewa chakula, wakaondoka kwa njaa. Mwishoni mwa 1896 Apolo akaomba aende yeye.

Alikwenda na jembe pamoja na vitabu. Jambo hilo waandishi wa maisha yake wamelitaja tena na tena, na wamefanya vizuri, kwa sababu jembe ndilo lililomkinga na amri ya Tabaro: mtu anayelima shamba lake mwenyewe hafukuzwi kwa njaa. Hata hivyo alipigwa na nyumba yake ya ibada ikachomwa. Mwaka 1898, wakati wa kujenga, dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umefichika majanini, akafa. Apolo akashtakiwa kwa mauaji. Alifungwa minyororo, akapelekwa Toro na kutiwa gerezani. Katika kifungo hicho, kwa maelezo yake mwenyewe, alimwona Kristo aking'aa kama jua na kumwambia asiogope. Tangu siku hiyo alisimulia habari hiyo kila mahali, wala hakuipamba. Alipoachiliwa alirudi palepale Mboga, kwa Tabaro yuleyule, na baada ya muda Tabaro naye akaomba kubatizwa. Apolo alipewa ushemasi na Askofu Alfred Tucker Desemba 1900, na ukasisi mwaka 1903.

Katika miaka hiyo ugomvi mwingine ulikuwa ukiendelea chini kwa chini, na huu haukuwa wa mikuki. Wamisionari wengi wa Kampala walitaka Kiganda kitumike katika himaya yote ya Uganda. Hoja zao zilikuwa za matumizi: Biblia moja ilikuwa tayari, walimu walikuwa Waganda, na kupiga chapa kulikuwa ghali. Watu wa Toro na Bunyoro walikataa. Henry Maddox, mmisionari aliyekaa Toro, alikuwa upande wao, akaanza kutafsiri Kinyoro pamoja na wasaidizi wa huko. Agano Jipya la Kinyoro lilitoka mwaka 1905 na Biblia nzima mwaka 1912. Mboga, ambako watu walizungumza lugha iliyokaribiana sana na Kinyoro, ilifaidika mara moja. Apolo, ambaye Kiganda kilikuwa lugha ya mama yake na lugha ya shajara zake mpaka mwisho, alikiweka pembeni akafundisha kwa kitabu cha watu aliokuwa akikaa nao.

Mbarara ilingoja zaidi. Askofu Tucker alifika huko Desemba 1899 akiwa na daktari Albert Cook, wakazungumza na Mugabe Kahaya, mfalme wa Ankole, wakawaacha walimu wa Kiganda. Mwaka 1902 Kahaya na Nganzi wake, yaani waziri wake mkuu, Mbaguta, walibatizwa. Kanisa likajengwa Ruharo, kilimani nje kidogo ya mji, na kitabu kilichosomwa humo kikawa cha Kiganda. Baadaye kile cha Kinyoro nacho kilitumika. Uamsho wa Balokole ulipoenea kutoka Rwanda kuingia Kigezi na Ankole katika miaka ya 1930, hata wimbo wake wa kusalimiana, Tukutendereza, ulikuwa wa Kiganda, na mpaka leo umebaki hivyo. Agano Jipya la Kinyankole na Kikiga lilitoka mwaka 1962 na Biblia nzima mwaka 1964. Ina maana kwamba kwa miaka 60 mzee wa Ankole alimsikia Mungu akisema kwa lugha ya jirani. Aliielewa, ndiyo. Lugha hizi ni ndugu. Lakini jirani yule ndiye aliyekuja pia na kodi, na uchifu, na amri za serikali ya kikoloni, na watu hawakusahau hilo walipokuwa wakisikiliza mahubiri. Naona wale waliokawiza tafsiri kwa hoja ya gharama walihesabu karatasi tu.

Nje ya Afrika pia, hamu ya kusoma kwa lugha ya kwenu si jambo geni. Primož Trubar, kasisi wa Ljubljana, ndiye aliyechapisha vitabu vya kwanza vya Kislovenia mwaka 1550, akiwa amekimbilia Ujerumani kwa sababu ya imani yake. Alifukuzwa kwao zaidi ya mara moja na akafa ugenini mwaka 1586, miaka 2 baada ya Jurij Dalmatin kuichapisha Biblia nzima ya Kislovenia huko Wittenberg. Mkimbizi wa Nakivale anayeandika nyimbo za kwao akiwa ndani ya nyumba ya turubai angeelewana na Trubar haraka sana. Ila Trubar alikuwa akiandika maneno aliyonyonya kwa mama yake. Apolo, alipofika zamu yake ya kutafsiri, alikuwa mgeni wa lugha, mtu anayeuliza.

Zamu hiyo ilifika uzeeni. Baada ya miaka kadhaa ya kutumikia Toro, alirudi Mboga katikati ya miaka ya 1910, wakati mpaka mpya wa wakoloni ulipokuwa ukiikata Mboga kutoka Uganda na kuitia katika Kongo ya Wabelgiji. Wapo waliohama ili wabaki chini ya Waingereza. Apolo alihama kwa upande wa pili. Mwaka 1921 aliona ono jingine, na safari hii aliambiwa aende msituni. Mwaka 1922 alifanywa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe, heshima kubwa kwa kasisi Mwafrika wa siku hizo, ambayo ingemruhusu kustarehe karibu na mji. Yeye akazidi kwenda magharibi, katika msitu wa Ituri.

Wambuti wa msitu ule waliishi kwa kuwinda na kukusanya asali, uyoga na matunda, wakihamahama kwa makambi madogo. Waliuziana nyama na mazao na wakulima wa pembezoni, na lugha zao zinakaribiana na za wakulima hao. Majirani waliwadharau. Wazungu waliokuja kuwatazama waliandika juu ya vimo vyao zaidi kuliko mawazo yao. Apolo alijenga vibanda vya kufundishia, akaweka walimu, akalala katika makambi, akasubiri. Hakuwa na kamusi, hakuwa na mwandishi aliyetangulia kuamua jinsi ya kuandika sauti za lugha ile, na hakuwa na Kiyunani cha Pilkington. Alichokuwa nacho ni Biblia ya Kiganda, ile ya Kinyoro, uzoefu wa miaka zaidi ya 20 ya kufundisha katika lugha isiyo yake, na watu waliokubali kumjibu. Akachagua Injili ya Marko, sura 16, iliyo fupi kuliko zote nne na yenye matendo mengi kuliko hotuba. Ndiyo ambayo watafsiri wengi huanza nayo. Katika miaka ya mwanzo ya 1930 Wambuti wa kwanza walibatizwa.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Kwa kuzaliwa kwake Apolo alikuwa upande wa Duta: Mwafrika ambaye kazi yake ingeweza kumezwa na jina la Mzungu. Ilikuwa karibu itokee hivyo. A. B. Lloyd, mmisionari rafiki yake, aliandika vitabu vilivyomfanya Apolo ajulikane Uingereza, na kwa hilo tunamshukuru. Lakini vitabu hivyo vilimpenda Apolo kama mtumishi mnyenyekevu wa misheni, wakati shajara zake za Kiganda zinamwonyesha mtu aliyepanga safari zake mwenyewe, akaamua nani afundishe wapi, na akafuata maono yake hata pale wakubwa wake walipokuwa na mipango mingine. Mtafiti Emma Wild-Wood, aliyechapisha kitabu chake juu ya Apolo mwaka 2020, amezisoma shajara hizo kwa makini na kumrudishia Apolo nafasi hiyo.

Lakini msituni Apolo aliketi mahali pa Pilkington. Yeye ndiye aliyeshika kalamu na Mmbuti ndiye aliyetoa neno. Na Injili ile ya Marko tunaiita ya Apolo, kama tulivyoita ile nyingine ya Pilkington. Mtu fulani katika kambi fulani alisikia sentensi ikisomwa, akatikisa kichwa, akasema hivyo hatusemi, akaisema upya. Alifanya hivyo kwa sura 16. Huyo ni mtafsiri. Nasema haya bila kumpunguzia Apolo lolote. Alikuwa mpole kwa Wambuti kuliko karibu kila mgeni aliyewafikia kabla yake, akala walichokula, na akawafundisha kama watu wenye akili timamu wakati ambapo wengi walibishana kama wanafundishika.

Aliishi Mboga bila mke, akilima, akipanda miti na kulea watoto wasio na wazazi katika nyumba yake. Alipougua kwa mara ya mwisho alikataa kubaki Uganda kwa matibabu. Desturi ya Waganda waliofia ugenini ilikuwa kuzikwa vichwa vikielekea kwao, mashariki. Apolo aliagiza alazwe akielekea magharibi, kwenye msitu, ili walio hai wajue kazi ilikuwa inakwenda wapi. Akazikwa hivyo. Kanisa la Uingereza limeiweka tarehe ya kifo chake, 30 Mei, katika kalenda yake ya kumbukumbu.

Kanisa aliloliacha lilikuwa dogo na lilibaki dogo kwa muda mrefu. Likakua pale watu wa Boga walipohamia Bunia na miji mingine kutafuta kazi na masomo, wakakuta jirani wa kabila jingine kwenye benchi moja. Kinyoro kilichowatosha wazee Boga hakikuweza kubeba kusanyiko hilo. Kiswahili kikashika ibada, ingawa wapo waliosikitika kuziacha nyimbo za utotoni, na masikitiko hayo nayaheshimu. Dayosisi ya Boga ilianzishwa mwaka 1972, na mwaka 1992 Waanglikana wa nchi hiyo, iliyoitwa Zaire siku hizo, wakapata jimbo lao kamili lenye askofu mkuu wao. Yote hayo yametoka katika kijiji kimoja ambako mtu mmoja alinyimwa chakula.

Vita havikuipitia Boga mbali. Ituri iliwaka tangu 1999, ikatulia kidogo, ikawaka tena. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, katika saa za mwisho za siku ya kumbukumbu ya Apolo au saa za kwanza za siku iliyofuata, washambuliaji waliingia Boga na kijiji jirani cha Tchabi na kuua zaidi ya watu 50, wakiwamo wanawake na watoto. Ni vigumu kuandika jambo hili karibu na jina lake. Mauaji na hofu ya namna hiyo ndivyo vilivyowafanya watu wa Ituri waivuke Semliki kwa kurudi nyuma, kutoka magharibi kwenda mashariki, wakatawanyika katika makazi ya wakimbizi ya Uganda, Nakivale ikiwamo.

Biblia ambayo Wakongo wengi wanaifungua huko ni ya Kiswahili ya 1952, ile iliyotengenezwa kwa makubaliano ya makanisa kwa kuunganisha juhudi za Unguja na za Mombasa. Ndani yake kuna kazi ya Steere, na mahali fulani, kama mtu ana sikio, kuna sheikh wa Barawa. Kwa hiyo Kiswahili kilichomfundisha Duta kusoma kimerudi Uganda kwa mlango wa nyuma, kikibebwa na waumini wa kanisa la Apolo.

Ombi langu ni kwa makanisa ya Nakivale, na kwa walimu na wanafunzi wa historia wa Mbarara, walio na makazi hayo jirani. Wapo wazee waliotoka Ituri ambao babu zao walikuwa makatekista wa vizazi vya kwanza baada ya Apolo, na wapo wanaojua ni kambi zipi za Wambuti zilizokuwa na kibanda cha kusomea na nani alifundisha humo. Wakae nao na kinasa sauti, kwa Kiswahili, bila haraka. Wasianze na tarehe, maana hizo tunazo. Waulize majina: nani alimwongoza Apolo njiani, nani alimkaribisha kambini, nani alikaa naye mpaka Marko akaisha.